Saa 167 nje ya chumba cha tiba

Wiki ina saa 168. Kikao cha tiba ya kisaikolojia huchukua dakika 50, mara moja kwa wiki. Toa hizo dakika 50, zinabaki saa 167 na dakika 10 ambazo mteja yuko kwake, kazini, kanisani au msikitini, kwenye foleni ya Jogoo Road, au kitandani akikodolea dari macho. Mtu anayefikiria kuanza tiba hapa Nairobi angeelezwa hesabu hii kabla ya jambo jingine lolote, maana wengi hufika wakiamini kwamba watapona ndani ya zile dakika 50.

Neno lenyewe limechangia. Tunasema "ushauri nasaha", na mtu akisikia ushauri anatarajia kushauriwa: aje, aeleze shida, aambiwe la kufanya, aende zake. Hilo tayari analipata bure kwa shangazi, kwa mzee wa mtaa, kwa mchungaji au kwa shehe. Wengine hutarajia kutoa ya moyoni tu, walie, wapumue. Kutoa ya moyoni hupunguza uzito na silidharau hata kidogo. Ila nafuu ya namna hiyo huja Jumanne na kufikia Ijumaa imeyeyuka. Kinachodumu ni kile ambacho mtu amekifanya tofauti Jumatano, Alhamisi na Jumapili jioni, akarudi nacho tukakichambua.

Mwaka 1979 mwanasaikolojia Edward Bordin alieleza kuwa ushirikiano wa mtaalamu na mteja umesimama juu ya mambo matatu: kukubaliana lengo, kukubaliana kazi za kulifikia, na kuaminiana. Watu wengi hukumbuka lile la tatu peke yake. Mteja anaweza kumpenda sana mtaalamu wake, aje miezi minane mfululizo, na maisha yake yasisogee kwa sababu kazi haikuwahi kutajwa.

Kikao cha kwanza hakina tiba nyingi. Mtaalamu hueleza usiri na mipaka yake: yanayosemwa hubaki chumbani, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini, mtoto akiwa anadhulumiwa, au mahakama ikiamuru. Anauliza historia, magonjwa, dawa, pombe na usingizi. Kisha wengi wetu wataalamu hutumia PHQ-9, maswali tisa ya kupima sonona (huzuni nzito isiyoondoka, kwa Kiingereza depression) katika majuma mawili yaliyopita, kila jibu likiwa 0 hadi 3, jumla isiyozidi 27. Kuanzia 5 ni sonona hafifu, 10 ya wastani, 15 inaelekea kuwa kali, 20 ni kali. Namba hiyo peke yake haitoi utambuzi wa ugonjwa, lakini ina faida ya kipimajoto: unaipima tena kila baada ya vikao viwili au vitatu. Ikikaa palepale kwenye 17 baada ya vikao sita, lazima kitu kibadilike. Pengine njia ya tiba haifai, pengine kuna pombe ambayo haijatajwa, pengine ni wakati wa kumwona daktari wa akili kuhusu dawa. Mtaalamu asiyepima chochote anaweza kuendelea miaka na mikaka bila kujua kama anasaidia.

Tatizo la maswali hayo ni lugha. Ukimwuliza mtu kama ana huzuni, atakujibu "niko sawa tu", na papo hapo aeleze kichwa kizito, mgongo unaowaka, mwili uliochoka hata akilala kwa saa kumi nzima, na kwamba "nafikiria sana". Hapo ndipo pa kuanzia, kwa maneno yaleyale aliyotumia. Nchini Zimbabwe, Washona wana neno *kufungisisa*, yaani kufikiri kupita kiasi, na daktari wa akili Dixon Chibanda alipoanzisha Benchi la Urafiki Mbare, Harare, mwaka 2006, kazi ilijengwa juu ya neno hilo. Bibi aliyepewa mafunzo anakaa na mtu kwenye benchi nje ya zahanati, wanaorodhesha matatizo, wanachagua moja, wanapanga hatua moja ya kwenda kuifanya. Matokeo ya utafiti wao yalichapishwa 2016, na waliopata huduma hiyo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika papa hapa Nairobi, kwa wanawake waliopitia ukatili, kwa kutumia mpango wa Shirika la Afya Duniani unaoitwa PM+: vikao vitano vya dakika 90, vikiongozwa na wahudumu wa afya wa jamii. Wanawake walipungukiwa na dhiki. Kati ya kikao na kikao, katika mipango yote miwili, mtu ana kazi ya kwenda kuifanya.

Sasa kazi yenyewe hufananaje? Nitatumia mfano wa kubuni. Mtu anaishi mtaa wa Donholm na anafanya kazi tao, katikati ya jiji. Asubuhi moja matatu imejaa, imekwama Makadara, mara moyo unamwenda mbio, kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi, jasho linamtoka. Anashuka akiamini anakufa. Hospitalini anapimwa moyo, presha, sukari, upungufu wa damu na tezi ya shingo. (Vipimo hivi visirukwe, tezi inayofanya kazi kupita kiasi huiga hofu vizuri sana.) Yote yako salama. Tangu siku hiyo hapandi matatu tena. Anatembea saa nzima na zaidi, au mshahara unaishia kwenye teksi.

Kilichotokea mwilini kinaelezeka. Adrenalini, homoni ya mwili ya kukabili hatari, imemwagika kana kwamba kuna simba barabarani. Mtu anapumua haraka mno, hewa ya ukaa inapungua kwenye damu, na upungufu huo ndio unaoleta ganzi na kizunguzungu. Mwanasaikolojia David Clark alieleza mwaka 1986 jinsi mduara unavyofungwa: mtu anasikia moyo ukidunda, anaitafsiri dalili hiyo kama kifo kinachokuja, tafsiri hiyo inaongeza hofu, nayo hofu inaongeza mdundo. Kwa kawaida shambulio hufika kileleni ndani ya dakika 10, kisha hushuka lenyewe. Yeye hakuwahi kuliona likishuka, kwa sababu alishuka kwanza. Ubongo ukaandika: kushuka ndiko kulikoniokoa.

Kwa hiyo tunajenga ngazi ya hofu. Kila hali inapewa alama kutoka 0 hadi 100, kipimo kilichotoka kwa daktari wa akili Joseph Wolpe, na mteja ndiye anayetoa alama. Yake ingeweza kuwa hivi. Kusimama stegi ya Donholm dakika 15 bila kupanda, saa nne asubuhi: 25. Kukaa ndani ya matatu inayosubiri abiria kwa dakika 10, baada ya kuongea na kondakta na kulipia kiti: 35. Kutoka Donholm hadi Hamza mchana, kiti cha karibu na mlango: 45. Donholm hadi City Stadium, kiti cha dirishani: 60. Safari hiyohiyo saa moja asubuhi kwenye foleni: 75. Kiti cha nyuma kabisa katikati ya watu wawili, mpaka mwisho wa safari, saa moja asubuhi: 90.

Anaanzia kati ya 30 na 40. Chini ya hapo hajifunzi kitu, na akianza na 75 anaweza kukimbia na asirudi. Kila hatua inarudiwa siku nne au tano kwa wiki. Mara moja kila Jumamosi haitoshi, hofu inapata siku sita za kujikusanya upya. Kabla ya kupanda anaandika utabiri wake kwa ukamilifu: "Nitazimia kabla ya kufika Hamza, nina uhakika asilimia 80." Akishuka anaandika kilichotokea. Utabiri huu una uzito kuliko watu wanavyodhani. Zamani tulisisitiza mtu abaki mpaka hofu ipungue kwa nusu. Kazi za mwanasaikolojia Michelle Craske na wenzake, hasa tangu 2014, zimetusogeza: somo linakaa pale utabiri unapogongana na matokeo, hata kama moyo bado unadunda wakati wa kushuka. Alitabiri kuzimia, hakuzimia. Hilo likirudiwa mara 20 kwenye viti tofauti na saa tofauti, ubongo unaanza kuwa na kumbukumbu ya pili ya kushindana na ile ya Makadara.

Makosa hapa ni yaleyale kila mara. La kwanza ni kushuka hofu ikiwa kileleni; hatua ikishindikana, rudia ile ya chini yake kesho, usingoje wiki ijayo. La pili limejificha zaidi, nayo ni magongo ya usalama. Mtu anapanda, lakini ameshika chupa ya maji, amekaa mlangoni, yuko kwenye simu na dada yake toka Donholm hadi mwisho, na anakunywa maji kidogokidogo. Akifika salama, sifa zote zinakwenda kwa chupa na kwa dada. Magongo haya huandikwa kwenye ngazi na kuondolewa moja baada ya jingine. Hata kupumua polepole, ambako wataalamu wengi hukufundisha siku ya kwanza, kunaweza kugeuka gongo: mtu anapumua ili asife, badala ya kugundua kwamba hafi. Sala nayo inahitaji kuzungumziwa kwa heshima. Siombi mtu aache kusali. Naomba asali nyumbani kabla ya kutoka, kama kawaida yake, asiifanye breki ya kuvutwa kila mdundo wa moyo unapopanda.

Na tusisahau kwamba matatu za Nairobi zina hatari za kweli. Ngazi hii inatibu hofu ya kuzimia. Dereva akiingia upande usio wake kwa kasi, shuka. Hiyo ni akili timamu. Aliyeporwa au kushambuliwa ndani ya gari anahitaji tiba ya kiwewe, si ngazi hii peke yake.

Kwa sonona kazi ni tofauti, na nitaipitia haraka. Mtu mwenye sonona husubiri ajisikie vizuri ndipo afanye jambo. Tangu miaka ya 1970, kazi za mwanasaikolojia Peter Lewinsohn na waliomfuata zimegeuza mpangilio huo: fanya kwanza, hisia zitafuata kwa kuchelewa. Wiki ya kwanza unaandika tu ulichofanya kila saa, na alama mbili kando yake, raha na mafanikio, 0 hadi 10. Wiki ya pili unapanga mambo matatu madogo. "Kufanya mazoezi" halifai, ni kubwa na halina saa. "Jumatano saa kumi na mbili jioni nitatembea kutoka nyumbani hadi kwa mama mboga wa pili, si wa kwanza" linafaa. Kosa kubwa ni kujaza ratiba kama ya mtu mzima wa afya, kushindwa siku ya pili, na kuongeza kushindwa huko kwenye orodha ya ushahidi kwamba "mimi ni bure".

Usingizi unastahili nafasi zaidi, kwa sababu maelekezo ya vitabuni yaliandikwa kwa watu wenye vyumba vingi. Kanuni ya mwanasaikolojia Richard Bootzin ya mwaka 1972 inasema kitanda ni cha kulala tu. Ukikaa kama dakika 20 bila usingizi, toka, nenda chumba kingine, urudi ukisinzia. Mwenye chumba kimoja mtaa wa Pipeline aende wapi? Kitanda chake ni kiti, ni meza, ni mahali pa wageni. Inawezekana kuligawa godoro. Mchana kitanda kinatandikwa leso au shuka ya rangi nyingine na mto unawekwa juu ya kabati. Kukaa ni upande wa miguuni tu, au kwenye kigoda. Usiku leso inaondolewa, mto unashuka, upande wa kichwani unakuwa wa kulala. Usingizi ukigoma, unahamia kigodani, taa hafifu, simu ikiwa mbali, mpaka macho yawe mazito. Baada ya wiki mbili tatu mwili huanza kuujua mto ule.

Sambamba na hilo kuna kubana muda wa kitandani. Andika kwa wiki moja au mbili ulilala kwa muda wa saa ngapi kwa kweli. Tuseme wastani ni saa tano na nusu, ingawa unakaa kitandani saa nane. Unapewa saa tano na nusu tu: kuamka saa kumi na moja na nusu alfajiri kila siku, Jumapili ikiwemo, na kulala saa sita usiku, si kabla. Muda usishuke chini ya saa tano. Ukifikia kulala asilimia 85 ya muda huo kwa wiki nzima, ongeza dakika 15. Wiki ya kwanza ni ngumu na watu wengi huachia hapo, wakidhani imewadhuru. Madereva, wanaoendesha mitambo, wenye kifafa na wenye ugonjwa wa hisia mseto (bipolar) wasiifanye bila kusimamiwa.

Ukiona mteja anarudi wiki tatu mfululizo bila kazi kufanywa, usimwite mvivu. Mara nyingi kazi ilikuwa kubwa, au sababu yake haikueleweka, au alisema "nitajaribu" kwa sababu ya adabu. Namwonea mteja huruma sana hapo: kwetu kumkatalia mtu mwenye cheo usoni ni utovu wa heshima, kwa hiyo anakubali chumbani na kukataa akifika nyumbani. Mtaalamu aulize kabla ya kuagana: kuna nini kitakachokuzuia? Utaifanya siku gani, saa ngapi, ukiwa umekaa wapi? Dakika tano za mwanzo ni zipi? Na kuna swali ambalo husahaulika: nani ataona daftari? Katika nyumba ya chumba kimoja, kuandika "nina hasira na mume wangu" ni hatari. Basi tumia alama kwenye kalenda ya ukutani, nukta kwa siku ya hasira, mkwaju (/) kwa siku tulivu, na maelezo yabaki kichwani mpaka kikao kijacho.

Swali la tisa la PHQ-9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru, nalo haliachwi hata jibu likiwa 1. Kuuliza wazi hakumpandikizii mtu wazo. Humpa ruhusa ya kusema. Kisha mnaandika mpango wa usalama pamoja, kwa mwandiko wake: dalili zangu za mapema, ninachoweza kufanya peke yangu, watu na mahali pa kunituliza, ninayeweza kumwomba msaada, wataalamu na namba zao, na jinsi ya kuyafanya mazingira kuwa salama. Hili la mwisho ndilo linalookoa sana: dawa za wadudu na za mimea zitolewe nyumbani leo, vidonge vishikwe na mtu mwingine, maana wimbi kali mara nyingi hupita kama mtu hakuwa na njia karibu. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na watu walinyamaza kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Msalaba Mwekundu wa Kenya una laini ya bure ya msaada wa kisaikolojia, 1199.

Ukitafuta mtaalamu, sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliunda bodi ya kuwasajili; omba kuona usajili, si dharau. Uliza pia anatumia njia gani kwa shida kama yako, vikao vingapi kwa kawaida, na mtapimaje maendeleo. Akikosa jibu la swali la mwisho, endelea kutafuta. Anayeona au kusikia visivyokuwepo, au asiyelala siku kadhaa na bado ana nguvu za ajabu, anahitaji daktari wa akili kwanza; hospitali ya Mathari, kwenye Thika Road, imekuwa ikipokea wagonjwa wa akili tangu 1910, na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ina idara yake.

Vikao vya mwisho visikatwe ghafla. Vifanyike kila wiki mbili, kisha kila mwezi, kisha kimoja baada ya miezi mitatu. Katika kikao cha mwisho mteja anaandika ukurasa mmoja: dalili tatu za kwanza zinazoonyesha shida inarudi (kwa mtu wa Donholm, pengine ni kuanza tena kuchagua kiti cha mlangoni), atakachofanya siku ileile, na alama ya PHQ-9 ambayo akiifikia atapiga simu bila kungoja. Ukurasa huo unabandikwa upande wa ndani wa mlango wa kabati, mahali anapopaona yeye kila asubuhi akichukua shati.